Dula ni nani hasa, na kuna aliyewahi kumtumia hapa Dar? (mume kaniuliza "Dula yupi")

Wiki31_Kimara

Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri ila msinicheke. Nina mimba ya wiki 31, mtoto wa kwanza, naishi Kimara na mume wangu tu, hatuna ndugu wa karibu hapa mjini. Mama yangu yuko Songea anamuuguza baba, alipata kiharusi mwaka jana, hawezi kumwacha hata siku mbili na mimi ndo niliyemwambia asije maana najua akija atakaa huku mwili tu, roho iko Songea. Mama mkwe yuko Tanga, kasema atakuja ila hajasema lini, na ukimjua mama mkwe wangu unajua anaweza kutokea kesho au mtoto akiwa darasa la kwanza.

Sasa kuna dada wa kazini kwetu alijifungua mwezi wa tatu, akaniambia alikuwa na dula. Mi neno lenyewe ndo nalisikia. Anasema ni mwanamke aliyekuwa anakuja kwake kabla hajajifungua wanaongea, siku ya uchungu akaenda naye hospitali, baadae akawa anakuja nyumbani kumsaidia yeye na mtoto wiki tatu hivi. Nimerudi nyumbani nimefurahi namwambia mume wangu nataka dula, ananitazama anasema "Dula yupi, yule wa gereji?" Nimemwelekeza weee, mwisho kasema hayo mambo ya wazungu, tutafute dada wa kazi inatosha.

Naomba kujua, huyu mtu anafanya nini ambacho nesi hafanyi? Leba wanamruhusu kuingia? Na kuna tofauti gani na dada wa kazi maana kwa kweli hela tunayo ya mmoja, wote wawili hatuwezi. Siogopi sana uchungu, naogopa kurudi nyumbani na mtoto af usiku wa kwanza analia na mimi sijui hata nimuulize nani.

Mkunga_wa_zamu

Mdogo wangu hongera kwanza. Mi ni mkunga, huu mwaka wa 14 niko leba, nimekaa hospitali ya wilaya na sasa niko ya mkoa, jina siliweki humu. Nakujibu kama mtu wa ndani.

Dula siyo mkunga. Hapimi njia, hasikilizi mapigo ya mtoto, hachomi sindano, hazalishi. Ukimpata wa kukwambia "opresheni usikubali, mi nina dawa ya kufungua njia" huyo mkimbie tena viatu mkononi. Hizo dawa za kuongeza uchungu ndo zinatuletea vizazi vilivyopasuka saa nane usiku. Kazi ya dula ni wewe mwenyewe. Uchungu ukija anakukandamiza kiuno, anakupa maji unywe, anakukumbusha kwenda kukojoa (kibofu kikijaa kinamzuia mtoto kushuka, wengi hawajui hili), anakuinua utembee badala ya kulala chali masaa yote, na dokta akipita akasema maneno matatu akaondoka, yeye anakutuliza anakuuliza umeelewa nini, kama hujaelewa mnaita mtu mnauliza tena.

Utasema nesi si yupo. Juzi usiku nilikuwa na kina mama tisa, sisi wakunga watatu. Huyu njia imefunguka sentimita 4, yule anasukuma, wa kitanda cha mwisho anatoka damu. Nipate saa ngapi ya kukaa nikukande kiuno? Na wapo wenzetu lugha zao mbaya, silifichi, nyingine ni tabia na nyingine ni kuchoka, ila mwanamke akiwa na mtu wake pembeni hata sisi midomo inakaa vizuri. Hiyo nimeiona kwa macho.

Siyo stori za wazungu tu. Kuna uchambuzi wa 2017 wa Cochrane, wale wataalamu wanaokusanya na kupima tafiti za afya, ulijumlisha tafiti 26 za nchi 17, wanawake zaidi ya 15,000. Waliokaa na mtu mwanzo mwisho walijifungua kawaida kwa wingi zaidi, opresheni zikapungua, leba ikafupika kidogo, na wachache zaidi walisema uzazi wao ulikuwa mbaya. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wa 2018 likapendekeza kila mwanamke awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe. Na huku kwetu Kigoma walishajaribu kati ya 2016 na 2018, kwenye vituo vya serikali kabisa, mama anakuja na mtu wake anaingia naye.

Ila kuingia ndani inategemea sehemu. Leba nyingi za serikali ni ukumbi mmoja, kitanda kwa kitanda, pazia lipo au lishachanika, sasa mtu wako akiingia anawaona na wenzako. Uliza mapema ukiwa kliniki, na umuulize mkuu wa wodi ya wazazi, usimuulize mlinzi wa getini maana yeye jibu lake ni moja tu. Zile binafsi nyingi wanaruhusu mtu mmoja, hapo uamue ni mume au dula.

Kaka_Mkweli

Biashara mpya imeingia mjini hiyo. Mama zetu wametuzaa kumi kumi bila dula wala dulani. Leo mimba moja mpaka kocha.

BintiPemba

@Kaka_Mkweli ndugu yangu na wewe umezaliwa na dula, isipokuwa humjui kwa jina na pengine hata kanga hajapewa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkandaji huko Wete. Mie nikiwa na miaka minane tisa nikimfuata nyuma alfajiri, jua bado, yeye na kikapu chake: mafuta ya nazi ndani ya chupa ya soda, pilipili manga iliyotwangwa, na kipande cha kitambaa cha marekani kilichofuliwa mpaka kimekuwa laini kama pamba. Akifika anamlaza mzazi, anaanza mgongoni, anashuka kiunoni, anakuja miguuni, halafu anamfunga mkaja tumbo. Na muda wote huo anaongea. Ungemsikia ungedhani anapiga umbea tu. Kumbe anauliza: damu leo ikoje, bado nyekundu au imeshapauka? Umekwenda haja? Jana umelala? Mumeo kasemaje? Mbona macho mekundu, nani kakuudhi? Siku moja akamkanda mzazi nusu akaacha, akatoka nje akamwambia mume, tafuta gari, hii damu siipendi. Hakusema zaidi. Gari ikatafutwa.

Na huo mkaja ndio ule ule unaotajwa kwenye mahari, "mkaja wa mama", watu wanatoa hela tu hata hawajiulizi ni kitu gani. Ni kile kitambaa alichofungwa mama siku alipomzaa huyo bibi harusi. Wazee walijua kuna kazi imefanyika pale.

Lakini nisije nikasifia kila kitu. Maji ya moto ya kukandwa yalimbabua shangazi yangu mapaja, alama anayo hadi leo. Na wapo waliowakataza kina mama kumpa mtoto dang'a ati ni maziwa machafu, ile ya njano njano ya mwanzo, nayo ndiyo kinga yenyewe. Kwa hivyo mkandaji mzuri ni mzuri na mbaya ni mbaya, na dula vilevile.

Kwa swali lako, dada wa kazi anaangalia nyumba. Dula anakuangalia wewe. Ni kazi mbili hizo.

Wiki31_Kimara

Asanteni jamani nimesoma yote mpaka nimelia hapo kwenye macho mekundu nani kakuudhi 😭 homoni hizi. @BintiPemba kwetu Songea nilikuwa nasikia tu bibi fulani "anamlea mzazi" nikadhani ni kupika uji. Mume nimemsomea ya mkunga, kanyamaza. Akinyamaza ujue inaingia.

mathe_wa_wawili_254

Sasa mamaa, niko Nairobi. Wa kwanza nilizaa bila dula, wa pili nikawa naye, nitakwambia tofauti lakini kwanza wacha nikuambie ya dadangu ndio ujue kwa nini nilichukua.

Dadangu alizaa vizuri tu, akarudi nyumbani, watu wakajaa. Watu wa chama, watu wa kanisa, mashemeji, kila mtu na kikapu, ugali unapikwa, chai inapikwa, mtoto anapitishwa mkono kwa mkono kama sadaka. Siku ya sita akaanza kusema kichwa kinamuuma na anaona ni kama kuna vitu vinametameta machoni. Akaambiwa ni uchovu mama, lala kidogo, akapewa Panadol na chai ya maziwa. Hiyo usiku akashikwa na kifafa. Kumbe presha ilikuwa imepanda. Sisi tulidhani kifafa cha mimba ni cha mimba, ukishazaa umemaliza, kumbe kinaweza kukuja hata wiki kadhaa baadaye. Alikaa ICU siku tatu. Akapona, Mungu ni mwema, lakini tulikuwa watu kumi na wawili kwa hiyo nyumba na hakuna hata mmoja alikuwa anamwangalia YEYE. Mtoto angepiga chafya mara mbili tungekuwa tumeshafika hospitali.

Sasa dula wangu, kitu ya kwanza akiingia kwa mlango hasalimii mtoto. Ananiangalia mimi. Umekula? Onyesha miguu. Kichwa? Pedi umebadilisha mara ngapi tangu asubuhi? Ndio anaenda kumuona mtoto. Mara ya kwanza nilishangaa mpaka nikaskia vibaya, nikadhani hapendi mtoto wangu lol.

Nilimlipa kwa awamu mbili, nusu mimba ikiwa na miezi minane na nusu baada ya kujifungua. Haikuwa rahisi, baby shower niliwaambia marafiki wasininunulie viatu vya mtoto wa miezi mitatu, anavaa aende wapi? Wakachanga hiyo pesa.

BabaWaMtori

Mwanaume hapa naomba nipite kidogo. Mume wako mpe hii asome.

Sheria yetu Tanzania mama ana siku 84 za likizo ya uzazi, akizaa mapacha 100. Baba ana siku 3. Tatu! Ya kwanza uko kwenye benchi hospitali unatumwa dawa, ya pili unasaka usafiri wa kuwarudisha, ya tatu unalala. Wakenya hapo wana wiki mbili angalau. Kwa hiyo huyo anayesema "nipo mimi nitamsaidia" amwambie na bosi wake.

Sisi tulipata mama mmoja mtu mzima wa mtaani, nesi mstaafu, hakujiita dula, alijiita mama fulani tu. Mimi nilikuwa nina wivu naye kidogo siku za mwanzo nakiri, nikaona kama ameniwekea ukuta na mke wangu. Siku ya pili kanishika kaniambia baba, wewe kazi yako ni geti. Nikamuuliza geti kivipi. Akasema wageni wote unawapokea wewe, nusu saa mtu kashafika anaaga, anayekohoa hashiki mtoto, na asiaminiwe anayesema "napita tu mara moja". Nikasimama geti kweli. Shangazi zangu mpaka leo wanasema nimebadilika tangu nimeoa.

Halafu akanifundisha mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Mimi Mmachame, nimekula mtori tangu sina meno, sikuwahi kuupika. Nimemenya ndizi vidole vikawa vyeusi wiki nzima, ofisini wananiuliza unatengeneza gari? Kwetu zamani mzazi analishwa miezi mitatu hatoki, mama mkwe ndo anahusika, sasa mama yangu ana miaka 78 magoti hayamruhusu hata kupanda daladala. Mtu wa kushika ile nafasi lazima atoke mahali.

Rotterdam_na_baridi_yake

Salamu kutoka Uholanzi. Nawaletea ya huku mpime wenyewe, maana mnasema mambo ya wazungu ila wazungu wenyewe hawafanani.

Huku ukijifungua, kuna mtu anaitwa kraamverzorgende, jina tu linahitaji pumzi. Anakuja nyumbani siku kama nane, bima ya lazima ndo inalipa sehemu kubwa, wewe unachangia kidogo kwa kila saa. Masaa yote kwa jumla kuanzia 24 mpaka 80 kutegemea hali yako. Na unajiandikisha mapema sana, mimba ikiwa changa, siyo wiki ya 36 unakumbuka.

Kabla hajaja nikaletewa maagizo: kitanda kiwe na urefu usiopungua sentimita 80 kutoka chini. Nikadhani ni kwa ajili yangu. Hapana, ni kwa ajili ya mgongo WAKE, sheria ya kazi, hawezi kuinama wiki nzima. Mume akaenda kukodi vile vyuma vya kuinulia kitanda, nikawa napanda kitandani kama napanda lori la mkaa na mshono wangu hivyo hivyo. Ila mwanamke mwenyewe sasa! Asubuhi ananipima joto, ananigusa tumbo kuona kizazi kinarudi chini, anaangalia mshono, anampima mtoto uzito anaandika kwenye daftari, mkunga akipita anakuta kila kitu kimeandikwa. Ananikalisha nanyonyesha anasema subiri, mtoto amekamata chuchu tu, mwachishe, mdomo ufunguke kabisa aingize na ile sehemu nyeusi. Maumivu yakaisha siku hiyo hiyo, na nilikuwa nimeshaanza kuwaza maziwa ya kopo. Af anasafisha choo. Kwa kweli anasafisha choo, anasema choo cha mzazi kikiwa kichafu ni wadudu.

Hao siyo dula. Dula wapo pia huku, wanakaa na wewe kwenye leba, ila unajilipia mfukoni. Neno lenyewe la Kigiriki, maana yake mwanamke mtumishi, na mtumwa pia, kwa hiyo kuna wasiolipenda. Mwanaanthropolojia mmoja Mmarekani, Dana Raphael, ndo alilichukua miaka ya 1970 kuwaita wanawake wanaomsaidia mama mwenzao kunyonyesha.

Sasa shida ya huku: siku ya tisa anafunga begi anakuaga. Ukimya unaoingia humo ndani sitausahau. Mume kazini, theluji nje, majirani hawajui hata kama nimezaa. Bibi angesema bado siku 31 arobaini itimie. Nilikaa nalia kila saa kumi jioni giza likianza, mpaka dada mmoja wa Bujumbura, tumejuana tu kwenye basi, akawa anakuja kila jumanne na sufuria ya maharage. Yeye ndo dula wangu mimi, bima haimjui.

DulaWaArusha

Mi nafanya hii kazi mwaka wa tano, sitangazi biashara, namba siweki. Naongeza machache tu maana wengine wamesema vizuri.

@Wiki31 muombe mtu aje kwako angalau mara mbili kabla hujajifungua. Mara ya kwanza usimuulize cheti, muulize stori ya leba ya mwisho aliyokuwepo. Akianza kusimulia alivyomuokoa mama na kuwashinda madaktari, shukuru mpe chai aende. Akisimulia alivyokaa masaa 16 kwenye benchi na maji ya kunywa na kanga za kubadilisha, huyo endelea naye. Muulize siku uchungu wako ukigongana na wa mteja mwingine nani anakuja badala yake. Hilo ndo linaumiza watu, umelipa af siku yenyewe simu haipatikani. Na akijinadi kuwa ni mkunga pia, wakunga wana usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, aonyeshe. Dula hana leseni ya namna hiyo, yeyote anaweza kuamka leo akajiita, kwa hiyo sifa zake ulizia kwa aliowahudumia.

Kubalianeni kwa maandishi hata kwenye meseji. Mimi nafua nguo za mtoto na za mzazi. Suruali za baba mwenye nyumba sifui, na nimewahi kuzikuta zimepangwa zinanisubiri. Napika cha mzazi. Nakaa na mtoto mzazi alale masaa mawili matatu mfululizo, na mkiniuliza kitu gani wananishukuru zaidi siyo leba, ni huo usingizi.

Kulia lia wiki ya kwanza ya pili kunatokea kwa wengi, kunapita. Kukizidi wiki mbili, au mama halali hata mtoto akilala, au anasema mtoto angekuwa na mama mwingine ingekuwa afadhali, hapo siyo deko na siyo mapepo, inaweza kuwa sonona, anapelekwa hospitali. Mimi sitibu, nasindikiza. Pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, homa, uchafu unaonuka, kichwa na macho kama alivyosema wa Nairobi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, hatukai kuombea kwanza. Tunaomba tukiwa kwenye gari.

Na kama hela haipo kabisa: chagua mtu mzima mmoja unayemwamini, mama wa jirani, mke wa mchungaji, yeyote aliyezaa na asiye na kelele. Nenda naye kliniki mara moja asikie mwenyewe. Mpe hii orodha ya juu. Anaweza akawa bora kuliko mimi.

Kaka_Mkweli

Sawa hapo kwenye suruali nimecheka. Ila bei bado hamjasema.

DulaWaArusha

@Kaka_Mkweli kwa sababu kuna ninaowatoza na kuna walionilipa kuku. Uliza dula wa mji wako, halafu toa hiyo hela ya suti za kitchen party uone kama haitoshi.

Wiki31_Kimara

Wapendwa nimerudi. Nimejifungua, wa kike, kilo 3.1, leo ana wiki tano. Niliahidi mrejesho sasa mtoto kalala naandika kwa kidole kimoja.

Nilimpata dula kupitia yule dada wa kazini, mama mmoja wa Mbezi, mtu mzima wa makamo. Leba hawakumruhusu. Tuliuliza kliniki wakasema sawa, usiku wenyewe wodi imefurika, dada wa zamu akasema hapana, mlinzi naye akapata nguvu. Nilikasirika ila sikuwa na muda wa kukasirika. Yeye akakaa benchi la nje na mume wangu kuanzia saa tano usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kila wakiniruhusu kutoka kutembea kwenye korido namkuta mlangoni, anageuza mgongo wangu anaukandamiza kwa viganja viwili hapo chini kabisa juu ya makalio, siwezi kueleza, uchungu haukuisha ila ulipungua ukali. Mume akaangalia mara mbili, mara ya tatu akafanya yeye. Mkunga wa asubuhi alikuwa na roho nzuri Mungu ambariki.

Nyumbani sasa. Amekuja siku 12, kila siku masaa manne, ndo tulichoweza. Siku ya nne nani kagonga geti? Mama mkwe! Kutoka Tanga, na begi, na sufuria lake mwenyewe, na mkungu wa ndizi. Saa moja hajakaa maji yanachemka jikoni anataka kunikanda. Mi nina nyuzi nne huko chini nikaanza kutetemeka. Yule mama akamwendea jikoni, nikawasikia wanaongea pole pole kama wanaogopa kuamsha mtu, "mama umefanya la maana sana kuja, huyu mgongo wake umekaza toka leba, tuanze na mgongo, huku kwenye nyuzi dokta kasema paoshwe tu maji safi pakauke". Mama mkwe akakubali! Taulo lenye joto mgongoni, mmoja upande huu mmoja upande huu, wakipiga stori za Muheza, kumbe yule mama wa Mbezi alisoma huko. Nikapitiwa na usingizi katikati yao.

Toka hapo mama mkwe ndo kashika usukani, siku ya 12 yule mama akaaga, akamwachia ile orodha ya kichwa, pedi na mguu. Ameibandika kwenye friji. Kila asubuhi anakuja na uji anauliza "kichwa?" kabla ya salamu.

Maziwa yalichelewa siku mbili, chuchu zikachanika, nililia. Mama wa Songea napiga naye video kila saa mbili usiku akimlisha baba, tunanyonyesha pamoja kwa namna yake.

Mume wangu namba ya yule mama kaisevu "Dula wa Mbezi", juzi kapiga akakosea akampata Dula wa gereji, kamsimulia nusu nzima habari za mtoto kutapika ndo anashtuka 😂 Dula wa gereji kasema mcheulisheni.

Anayetaka namba aje inbox, ila kasema mwezi wa nane na wa tisa ameshajaa.